Fundi wa Sauti na Adha Zake

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ambayo niliiona nyepesi. Kwaya ya shule yetu ilikuwa imefanya mazoezi muhula mzima ya wimbo uliotungwa na mwalimu mwenzangu. Mwalimu yule alikuwa karibu kuhamishwa, na wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamebakiwa na siku chache kabla ya kutawanyika kwenda makwao. Ikaamuliwa wimbo ule unaswe ili usipotee. Niliazima mashine ndogo ya kunasa sauti, nikaiweka juu ya meza mbele ya waimbaji, nikabonyeza kitufe, nikasimama kando na fahari ya mtu aliyekwisha maliza kazi yake. Mvua haikunyesha juu ya mabati, kengele haikulia, hata jogoo wa jirani alinyamaza kwa heshima. Jioni nilipoketi kusikiliza, nilikuta kwamba kila mahali waimbaji walipopandisha sauti kwa pamoja, napo ndipo palipokuwa pazuri kupita pote, palitoka mkwaruzo kama wa gunia linaloburutwa juu ya changarawe. Nilikuwa nimeipa mashine sauti kubwa kupita uwezo wake. Wimbo ulikuwa umeharibika, na waliouimba hawakukusanyika tena.

Tangu siku ile nimekuwa mdadisi wa habari za watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo niliyoidharau. Nataka kukusimulia, msomaji, baadhi ya niliyoyapata. Wewe usikiapo wimbo katika redio humsifu mwimbaji, pengine na mpiga gitaa. Sidhani kwamba umepata kumfikiri mtu aliyekaa nyuma ya kioo akazuia sauti moja isiimeze nyingine. Ukitwaa santuri ya zamani ukaisoma karatasi yake ya katikati, utakuta jina la mwimbaji, jina la wimbo na jina la kampuni. Jina la fundi aghalabu halimo. Fundi akifanya kazi njema hasikiki, na akikosea, kosa ndilo lisikikalo. Adha hiyo ni ya kudumu, nayo haikuondolewa na mashine yoyote. Nyingine zimekuwa zikibadilika kila chombo kipya kilipovumbuliwa: moja ikatoka mlangoni, nyingine ikaingia dirishani.

Mwaka 1877, huko Menlo Park katika jimbo la New Jersey, Marekani, Thomas Edison aliunda mashine aliyoiita fonografu. Ilikuwa na kigogo cha chuma cha mviringo, mfano wa kopo, kilichozungushiwa karatasi nyembamba ya bati. Mtu alisema mbele ya mdomo wa mashine huku akizungusha mkono wake, na sindano ikachora mtikisiko wa sauti juu ya bati. Edison mwenyewe alikuwa mzito wa kusikia. Alikuwa akiuma ubao wa chombo ili mtikisiko upite menoni na kumfikia ndani ya kichwa. Jambo hili hunichekesha na kunistaajabisha pamoja: kazi ya masikio ilianzishwa na mtu wa meno.

Baadaye bati liliachwa, ikatumiwa nta. Hapo palizuka taabu ambayo leo ni vigumu kuiamini. Hapakuwa na njia njema ya kutoa nakala nyingi kutoka kigogo kimoja cha nta. Mwimbaji alisimama mbele ya mashine chache zilizopangwa pamoja, akaimba, vikapatikana vigogo vichache. Kisha nta ikabadilishwa, naye akaimba tena wimbo ule ule tangu mwanzo. George W. Johnson, mtu mweusi wa Marekani aliyezaliwa Virginia kabla ya utumwa kukomeshwa, alipata umashuhuri katika miaka ya 1890 kwa wimbo wake wa kicheko. Alicheka kicheko kile kile maelfu ya mara kwa ajili ya biashara. Sisi humhurumia yeye, na ni haki. Lakini kumbuka pia kwamba palikuwa na mtu mwingine chumbani, ambaye kila mara alibadilisha nta, akaipuliza mavumbi, akaitegesha sindano, akakisikia kicheko kile tena bila ya kuruhusiwa kucheka.

Emile Berliner ndiye aliyeleta sahani badala ya kigogo. Hati ya uvumbuzi wa gramafoni yake ni ya mwaka 1887. Sahani moja ilitoa kalibu, na kalibu ikatoa santuri nyingi. Mwimbaji alipumzika kidogo. Fundi hakupumzika, maana sasa kosa moja lilichapwa mara elfu.

Chumba cha kunasia sauti cha zama hizo usingekitambua. Umeme haukuwa na kazi katika kunasa kwenyewe. Ukutani ilitokeza pembe kubwa ya bati, mdomo wake umewaelekea waimbaji. Ncha yake nyembamba ilipenya upande wa pili, ambako fundi alikaa na mashine yake amejificha, kwa kuwa mafundi wa siku zile walizificha siri zao hata kwa watu waliowanasa. Nguvu yote ya kuikata nta ilitoka katika pumzi ya mwimbaji na mikono ya wapigaji. Nta ilipashwa moto kwanza ili ilainike, na chumba kikafanywa cha joto. Watu waliimba jasho likiwatiririka. Sauti ndogo haikuacha alama juu ya nta. Sauti kubwa iliirusha sindano nje ya njia yake. Baina ya hizo mbili palikuwa na mlango mwembamba, na kazi ya fundi ilikuwa kuwapitisha watu wote katika mlango huo.

Aliwapitishaje? Hakuwa na kitufe cha kupunguza wala cha kuongeza. Chombo chake kilikuwa umbali. Mwenye sauti nyembamba alisogezwa hata akakaribia kuingiza kichwa ndani ya pembe. Mwenye tarumbeta alipelekwa nyuma. Mwimbaji alipofikia mahali pa kupaaza alivutwa bega arudi nyuma, na alipofikia mahali pa upole akasukumwa mbele. Fikiri adha ya kumsukuma mwimbaji mashuhuri, aliyezoea kupigiwa makofi na wafalme, kana kwamba ni mtoto anayepangwa katika mstari wa asubuhi! Sauti ya fidla ilikuwa dhaifu mno kwa pembe, hata Augustus Stroh akaunda fidla isiyo na tumbo la mbao, ambayo ilitoa sauti kwa pembe yake yenyewe. Ngoma kubwa mara nyingi haikupigwa kabisa, kwa hofu ya kishindo chake.

Tena fundi hakuweza kukisikiliza alichokinasa. Kuipitisha sindano juu ya nta laini kulikuwa ni kuiharibu. Aliyetaka kujua kama kazi ni njema ilimpasa aiharibu kazi yenyewe. Kwa hiyo nta njema ilipelekwa kiwandani bila ya kusikilizwa, na hukumu yake ikaja baadaye, waimbaji wakiwa wamekwisha kwenda zao. Nilipoisoma habari hii niliikumbuka meza yangu na kwaya yangu. Mimi nilikuwa na chombo kiwezacho kunisomea kosa langu papo hapo, nisikitazame; wao hawakuwa nacho, na bado wametuachia sauti zinazosikika hata leo.

Aliyesafiri zaidi katika kazi hii ni Fred Gaisberg. Alizaliwa Washington mwaka 1873, akamtumikia Berliner akiwa kijana, na mwaka 1898 akahamia London. Mwezi wa Aprili 1902 alikuwa katika hoteli mjini Milan, Italia, akitaka kumnasa Enrico Caruso, ambaye sifa zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaenea. Caruso alitaka paundi 100 kwa nyimbo kumi. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa Gaisberg huko London walimkataza kwa simu ya maandishi, wakiiona bei ni ya wazimu, naye akaendelea na kazi kana kwamba simu haikufika. Santuri zile ziliipa kampuni faida kubwa na zikamjengea Caruso jina duniani. Lakini zingalishindwa, unadhani lawama ingalimwangukia nani?

Mwaka huo huo Gaisberg alifika Calcutta, na mwezi wa Novemba akamnasa Gauhar Jaan, mwimbaji aliyesifiwa mno Bara Hindi. Huyu alizoea kuuimba wimbo mmoja kwa kuukunjua polepole, kwa muda mrefu, kama ilivyo desturi ya muziki wao. Santuri haikumpa zaidi ya dakika tatu hivi. Aliubana wimbo wake ukaenea humo, na mwisho wake akalitaja jina lake mwenyewe kwa Kiingereza. Wako waliodhani ni majivuno. Sababu ilikuwa ya kifundi tu: santuri zilitengenezwa Hanover, Ujerumani, na mafundi wa huko, wasiojua lugha ya wimbo, walihitaji kujua ni jina gani la kuandika juu ya karatasi yake. Hivyo jina la mwimbaji likawa sehemu ya wimbo ili kumsaidia mtu aliye mbali asikosee.

Sasa tuvuke bahari twende Richmond, mji wa jimbo la Indiana, Marekani. Mwezi wa Aprili 1923, bendi ya King Oliver ilifika hapo kunaswa katika studio ya Gennett, iliyokuwa ndani ya kiwanda cha piano karibu na njia ya reli. Treni ilipopita kazi ilisimama, kila mtu akanyamaza na kungoja. Katika bendi hiyo alikuwamo kijana aitwaye Louis Armstrong, mwenye pumzi kubwa mno. Alipopiga pamoja na wenzake mbele ya pembe, sauti yake ilizimeza zao zote. Akaondolewa, akasimamishwa peke yake mbali nyuma. Lil Hardin, aliyekuwa akipiga piano, alisimulia baadaye jinsi kijana yule alivyoonekana mnyonge kule pembeni. Aliwekwa mbali kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko wote. Yeye alidhani pengine hafai. Fundi alijua sababu, lakini alikuwa na nta inayopoa, treni nyingine inayokuja, na pembe isiyojua huruma. Mambo ya namna hii hutokea hata leo: sababu ya kifundi humwumiza mtu moyoni, na nafasi ya kumweleza haipatikani.

Mwaka 1925 umeme uliingia. Maikrofoni iliyotengenezwa na mafundi wa kampuni ya Western Electric ilichukua mahali pa pembe, na kampuni kubwa za Marekani zikaikumbatia mara moja. Mwimbaji aliweza sasa kunong'ona, na mnong'ono ukasikika. Fundi akapata gurudumu la kupunguza na kuongeza, akapata na kioo cha kuwatazama watu bila ya kusongwa nao. Lakini sikio jipya lilisikia yote. Pembe ilikuwa kiziwi kwa mambo madogo: kiti kinacholia, karatasi inayogeuzwa, kikohozi kinachobanwa. Maikrofoni haikusamehe hata kimoja. Kabla ya hapo fundi alikuwa akitafuta sauti. Kuanzia hapo akawa ni mwenye kuifukuza.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuliingia katika habari hizi kwa safari ya meli. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenziwe walivuka bahari mpaka Bombay ili nyimbo zao za Kiswahili zinaswe. Santuri zao zilirudi pwani zikauzwa na kupigwa mabarazani, na Shaaban Robert alimwandikia mwanamke huyo kitabu cha maisha yake ambacho nadhani kimo katika maktaba ya shule yako. Mimi husimama kidogo juu ya jambo moja tu: mwimbaji ndiye aliyeifuata mashine. Ilikuwa nzito, ina kiwanda chake na mafundi wake, haikuweza kutoka ilipo kwa urahisi ili imfuate mtu barazani pake.

Kilichoifanya mashine iwe nyepesi na yenye subira ni utepe. Kampuni ya AEG ya Ujerumani ilionyesha mashine yake ya utepe wa sumaku mjini Berlin mwaka 1935. Vita vilipokwisha, askari mmoja wa Marekani, Jack Mullin, alipeleka kwao mashine mbili za namna hiyo, akazionyesha mjini San Francisco; na mwaka 1947 Bing Crosby, mwimbaji aliyechoshwa na kurudia kipindi chake cha redio moja kwa moja hewani, akaanza kuvitia vipindi vyake katika utepe. Utepe uliweza kusikilizwa papo hapo, ukafutwa, ukatumiwa tena, ukakatwa kwa wembe na kuungwa kwa gundi.

Mashine ikaweza kumfuata mwimbaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuwa akizunguka Afrika Mashariki akinasa nyimbo za makabila mbalimbali, na huko Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, alinasa wimbo wa wasichana uitwao Chemirocha. Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko kabla ya Tracey. Wasichana walilitamka kwa ulimi wao, wakamfanyia na wimbo. Ukitazama picha za Tracey akiwa kazini utamwona ameishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe, akiielekeza kwa mwimbaji, kisha kwa ngoma, kisha kwa kiitikio. Umeme wa kazi hiyo ulitoka katika mtambo uliokuwa ukinguruma, nao ilibidi uwekwe mbali, waya mrefu ukilazwa katikati ya nyasi, usije ukaingia katika wimbo. Sitaki kukuambia kwamba kuku na watoto walikuwa watulivu kuliko treni ya Richmond.

Nairobi nayo ilipata studio zake, na katika miaka ya 1960 akina Fadhili William na Daudi Kabaka waliimba mbele ya maikrofoni za Equator, bila ya kulazimika kuabiri meli ya Bombay.

Sasa nakuomba usikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo adha ilipogeuka sura. Zama za pembe na nta, mambo yaliyomtesa fundi yalikuwa ya chuma, joto na umbali. Utepe ulipofika, na hasa utepe wenye njia nne zilizolala sambamba, kila njia ikichukua sauti yake kwa wakati wake, karibu kila kitu kikawezekana. Pale yanapowezekana mengi, watu huomba mengi. Fundi akaacha kushindana na nta, akaanza kushindana na matamanio.

Mfano wake uko London, katika studio za kampuni ya EMI zilizoko Abbey Road, zilizofunguliwa mwaka 1931. Palikuwa mahali pa nidhamu: mafundi walivaa tai, na kanuni zilieleza hata maikrofoni iwe mbali kiasi gani na ngoma. Geoff Emerick aliingia humo mwaka 1962 akiwa na umri wa miaka 16. Mwezi wa Aprili 1966, akiwa na miaka 20, alikabidhiwa kuwa fundi mkuu wa Beatles, waliokuwa mashuhuri kuliko bendi yoyote duniani. Katika kazi yao ya kwanza pamoja, John Lennon alitaka sauti yake isikike kama ya Dalai Lama aimbaye kutoka kilele cha mlima. Hakuna gurudumu la mashine lililoandikwa maneno hayo. Emerick aliipitisha sauti katika kisanduku cha kinanda cha Hammond ambamo kipaza sauti huzunguka, ikatoka ikiyumba kama iliyoletwa na upepo, na Lennon akafurahi. Emerick akaisogeza na maikrofoni karibu na ngoma kuliko kanuni ilivyoruhusu, akaulizwa na wakubwa wake. Alitakiwa na mmoja avumbue jambo jipya, na mwingine akamtaka asiguse kitu. Ken Townsend wa studio ile ile alivumbua mwaka huo njia ya kuifanya sauti moja isikike kama mbili, kwa sababu Lennon alichukia kuimba mara ya pili wimbo aliokwisha kuuimba. Uvivu wa mwimbaji umewahi kumletea fundi maarifa. Mara nyingi zaidi humletea usiku mrefu.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 1966 ulikuja wimbo wa Strawberry Fields Forever. Walikuwa wameunasa kwa namna mbili: ya kwanza ya upole, ya pili yenye matarumbeta na fidla za kina. Lennon alipenda mwanzo wa ile na mwisho wa hii, akaomba ziungwe. Namna hizo mbili hazikuwa na mwendo mmoja wala ufunguo mmoja wa muziki. Kuziunga kulikuwa kama kushona kanzu kwa kitambaa cha rangi mbili, kisha kuambiwa mshono usionekane. Basi akawaachia George Martin na Emerick, akaenda zake. Walipunguza mwendo wa utepe mmoja na kuongeza wa mwingine. Kwa bahati njema sauti zikateremka na kupanda hata zikakutana, wakakata, wakaunga. Wimbo ulitoka mwezi wa Februari 1967. Mahali pa mshono ni kiasi cha dakika moja baada ya wimbo kuanza, na watu wengi wameusikiliza maisha yao yote pasipo kujua kwamba upo.

Unaweza kudhani kwamba baada ya ushindi kama huo fundi alikuwa na raha. Mwezi wa Julai 1968, katikati ya kazi ya santuri nyingine, Emerick aliacha kazi na bendi hiyo. Hakushindwa na mashine. Aliondoka kwa sababu ya hasira na maneno makali yaliyojaa chumbani siku baada ya siku, wimbo mmoja ukirudiwa usiku kucha na watu wasiotazamana. Fundi wa sauti hana mahali pa kwenda wenye wimbo wanapogombana. Yuko nyuma ya kioo, maikrofoni zote ziko wazi, na yeye ndiye asikiaye vizuri kuliko wote. Alirudi mwaka 1969, watu wakiwa wametulia kidogo, akawafanyia santuri iliyopewa jina la barabara ya studio ile.

Njia nne zikawa nane, kumi na sita, ishirini na nne. Kisha kompyuta ikaondoa hesabu. Programu ya Pro Tools ilitoka mwaka 1991, na mwaka 1997 ikatoka Auto-Tune ya Andy Hildebrand, aliyepata kufanya kazi ya kutafuta mafuta ardhini kwa kutumia mawimbi ya sauti. Programu hiyo huivuta sauti iliyopotoka ikarudi mahali pake. Je, si raha? Muulize fundi yeyote wa leo. Mwimbaji asiyefanya mazoezi hufika akijua kwamba atanyoshwa. Mstari mmoja huimbwa mara ishirini, yote ikahifadhiwa, na kuchagua kukaachwa kwa mtu aliyechoka masikio usiku wa manane. Zamani nta ilikuwa ikisema basi. Iliisha, kazi ikaisha. Kompyuta haisemi basi, na asiyekatazwa na mashine hana budi kukatazwa na mtu. Mtu huyo ni fundi, ambaye hana mamlaka.

Niseme na lile kosa langu la mkwaruzo, maana limewapata wakubwa kuliko mimi. Kila mashine ina dari yake. Sauti ikipanda hata ikagonga dari, kilele chake hukatwa, na sikio husikia mkwaruzo. Mimi niliigonga dari kwa ujinga. Wako waigongayo kwa makusudi: tangu miaka ya 1990 wenye kuuza nyimbo walishindana nyimbo zao zisikike kubwa kuliko za jirani, wakawataka mafundi wavibane vilele na kuyainua mabonde, mpaka wimbo ukawa uwanda mmoja wa kelele. Mwaka 2008 kundi la Metallica lilitoa albamu ya Death Magnetic, na maelfu ya wasikilizaji walilalamika kwamba inakwaruza. Fundi wa mwisho katika kazi hiyo alikuwa Ted Jensen, na jina lake, tofauti na ya mafundi wa kale, liliandikwa juu ya albamu. Barua yake kwa msikilizaji mmoja ilienea kote: alieleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa zimekwisha kubanwa hivyo kabla hajazigusa, na kwamba hakuionea kazi hiyo fahari. Miaka mia baada ya Gaisberg jina la fundi lilikuwa limepata nafasi yake, likawa ndipo mahali pa kuipachika lawama ya wengine.

Zile nyimbo za Kapkatet zilihifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Katika miaka ya 2010 nakala zake zilirudishwa Bonde la Ufa, zikapigwa mbele ya watu wa huko, na wazee wakazisikia tena sauti za ujana wao. Mtambo wa umeme hausikiki ndani yake.

Wimbo wa kwaya yetu ninao bado. Nimejaribu kuutengeneza kwa programu mbili tatu, lakini kilele kilichokatwa hakioti tena. Sehemu moja tu ni safi, nayo iko mwisho kabisa, baada ya wimbo, kwa kuwa hapo hakuna aliyepaaza sauti. Yasikika miguu ikiondoka jukwaani, benchi likivutwa, kisha mmoja wa wale wanafunzi akiuliza polepole, "Mwalimu, imeingia?" Na mimi nikijibu, kwa sauti iliyo wazi kuliko zote zilizomo humo, "Imeingia."